Fidia ya vidole viwili: hii asilimia 14 imetoka wapi?

Seremala_Isevya (mwanzisha mada)
Jumapili, saa 2 usiku

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mapema. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Mimi ni fundi seremala hapa Tabora mjini. Karakana niliyopo kwa miaka sita sasa siitaji, bado nakula hapo. Mwaka jana mwezi wa pili, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, nilikuwa naranda mninga wa fremu za milango. Kipande kilikuwa kifupi, futi moja na ushee. Kipande kifupi kwenye mashine ya randa hakisukumwi kwa kiganja, kina kibao chake cha kusukumia. Hilo nimewafundisha vijana wawili na mmoja niliwahi kumzaba kofi kwa sababu hiyohiyo. Siku ile kibao kilikuwa kimekingia mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Nikaona uvivu wa kwenda kukichukua. Ubao ulikuwa na fundo, visu vikaligonga, ubao ukaruka nyuma, mkono ukabaki pale ubao ulipokuwa. Maumivu yalikuja baadaye. Nilichotangulia kusikia ni mlio wa mashine kubadilika, kama inavyolia ikiranda kitu laini.

Mkono wa kulia. Kidole cha shahada kimekatikia kiungo cha katikati, pingili mbili zimekwenda. Cha kati kimepoteza pingili ya juu, ile yenye kucha.

Bosi aliripoti ajali, nisimnyime haki yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukalipa matibabu, na miezi mitano niliyokaa nyumbani nikawa napata asilimia 70 ya mshahara. Vidonda vilipofunga na mazoezi ya mkono yakaisha, nikaitwa kwa daktari wa tathmini. Akanikunja vidole kimoja kimoja, akapima na kile chombo kama bikari, akaandika. Wiki iliyopita barua imekuja: ulemavu wa kudumu asilimia 14, malipo ya mkupuo shilingi 2,469,600.

Mke wangu ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kabati la vyombo. Hajasema neno na mimi sijauliza.

Ninachotaka kuelewa. Asilimia 14 ya nini? Kazi yangu ni mikono. Kidole cha shahada ndicho kinachojua kama ubao umelainika au bado, macho yanakuja baadaye. Kwa kazi yangu mimi naona nimepoteza nusu. Halafu kuna jamaa aliniambia nitapata milioni 17, amepiga hesabu na simu mbele yangu. Na kwa nini mkupuo, si kila mwezi kama yule jirani yetu aliyeangukiwa na gogo? Jambo la mwisho, bosi anasema pesa ikiingia nimrudishie laki moja na nusu ya gari lililonikimbiza hospitali siku ile. Ni haki?

Chapchap_Kaliua
Jumapili, saa 3 usiku

Pole sana fundi. Ushauri wangu: ongeza kidogo, chukua pikipiki, weka kijana au endesha mwenyewe. Mambo ya kugombana na barua za serikali utazeeka nayo.

Seremala_Isevya

Asante mkuu. Nilijaribu ya shemeji yangu. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, na vidole vinavyoikamata ni hivyo hivyo viwili. Nilizunguka uwanja mara moja, nikamrudishia funguo.

Mama_Cheyo
Jumapili, saa 4 usiku

Pole mwanangu. Kama umenizidi umri nisamehe, hapa hatuonani. Nimekaa ofisi ya utumishi ya kampuni ya tumbaku miaka tisa. Fomu za ajali nimejaza mpaka nikaziota.

Hesabu kwanza, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Sheria inachukua asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, inazidisha kwa miezi 84, halafu inachukua asilimia ya ulemavu wako humo. Ya kwako nimeirudisha kinyumenyume. Shilingi 2,469,600 ni asilimia 14 ya 17,640,000. Hiyo gawa kwa 84, unapata 210,000. Na 210,000 ni asilimia 70 ya laki tatu. Jamaa yako wa milioni 17 hakukudanganya, aliishia njiani: alizidisha mpaka 84 akasahau kwamba bado kuna ile 14. Wengi wanaishia hapo hapo na wanakuja ofisini na hasira.

Mkupuo ni kwa sababu uko chini. Ulemavu wa asilimia 30 kushuka chini hulipwa mara moja. Ukizidi 30, mtu anapewa pensheni ya kila mwezi. Jirani yenu wa gogo bila shaka alizidi. Miezi 84 ni miaka saba, kwa hiyo ukitaka kuiona vizuri, wamekulipa kwa siku moja miaka saba ya pensheni ndogo ambayo ungepata kwa hiyo asilimia 14.

Kuhusu laki na nusu ya gari, usimpe. Fidia ya mfanyakazi haikatwi deni na wala haiwekwi rehani. Kumfikisha majeruhi hospitali ni sehemu ya huduma ya matibabu, na kama ana risiti ya gari aende nayo kwa Mfuko akadai. Asiifukuzie kwenye vidole vyako.

Sasa na mimi nina swali. Mshahara wako ni laki tatu kweli? Fundi wa miaka sita, anayefundisha wenzake?

Fizio_Mwanga
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Naandika kutoka Kigoma, nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, mikono ndiyo naiona kila siku. Wavuvi wanaokatwa na kamba, vijana wa mashine za kukamulia mawese, na sasa hivi mafundi wa aluminiamu.

Nijibu lile la "asilimia 14 ya nini". Ni ya mwili wako mzima, kaka. Haipimi kazi. Mwalimu wa hesabu na seremala wakipoteza kidole kilekile kwenye kiungo kilekile, wanatoka na asilimia moja. Inauma, lakini ukishaelewa hilo, namba inaanza kuwa na maana.

Kuna mwongozo wa madaktari wa Marekani unaotumiwa na nchi nyingi kupimia, nao unakwenda hivi. Mkono kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni ukiwa mia, kidole gumba ni 40, cha shahada 20, cha kati 20, cha pete 10, cha mwisho 10. Kidole kikikatikia kiungo cha katikati, kimepoteza 80 kwa mia ya thamani yake. Kikikatikia kiungo cha juu, 45 kwa mia. Kwa hiyo kidole chako cha shahada: 80 kwa mia ya 20 ni 16. Cha kati: 45 kwa mia ya 20 ni 9. Jumla umepoteza 25 kwa mia ya mkono kuanzia kwenye kifundo. Sehemu hiyo kwa mwongozo huo ni asilimia 90 ya mkono wote mpaka begani, hapo unapata kama 23. Na mkono wote ni asilimia 60 ya mtu mzima. Zidisha, utaona inaangukia 14 ileile.

Sisemi daktari wako alipita njia hii hatua kwa hatua, ripoti yake ndiyo itakayosema. Iombe, ni haki yako kuiona. Lakini namba yako si ya kubahatisha na sioni mtu aliyekupunja hapo. Angalia kitu kimoja tu kwenye ripoti: je, wamepima na kukunja kwa kile kipande kilichobaki, na hisia za kwenye kibutu? Kikigusa baridi kinapiga shoti? Hilo nalo huwa na hesabu yake, na wagonjwa wengi hawalisemi kwa daktari kwa sababu wanadhani ni deko.

Seremala_Isevya
Jumatatu, saa 7 mchana

Fizio, nimesoma jibu lako nikiwa nimeshika mkono wangu kama nahesabu chenji. Shoti ndiyo, asubuhi hizi za kipupwe kinapiga hasa, na kweli sikumwambia daktari. Aliniuliza "unaendeleaje", nikasema "namshukuru Mungu". Kumbe lilikuwa swali la kipimo.

Nikuongezee na lingine ambalo najua halina asilimia. Kwenye tahiyatu, pale kwenye swala kidole cha shahada kinapoinuliwa, nainua kibutu. Wiki za mwanzo nilikuwa naona kila aliye pembeni yangu msikitini anakitazama.

Mama Cheyo, shikamoo. Laki tatu? Mimi napokea 420,000. Laki tatu inapita benki. Laki moja na ishirini bosi ananipa mkononi kila tarehe 30, kwenye bahasha ya kaki, nasaini kwenye daftari la jalada jekundu. Anaiita posho ya chakula na nauli. Miaka sita haijapungua hata shilingi, hata mwezi niliokuwa likizo nyumbani Sikonge nikila michembe kwa mama.

Mama_Cheyo
Jumatatu, saa 7:40 mchana

Marahaba. Nilijua! Yaani nilijua toka jana usiku, nikajizuia kuandika.

Kaa chini tufanye hesabu upya. Asilimia 70 ya 420,000 ni 294,000. Mara 84 ni 24,696,000. Asilimia 14 yake ni 3,457,440. Toa ulizoandikiwa, tofauti ni 987,840. Karibu milioni, mwanangu. Na haijaisha. Miezi mitano uliyokaa nyumbani ulikuwa unapata 210,000 badala ya 294,000. Pungufu ya 84,000 kila mwezi, kwa miezi mitano ni 420,000. Mshahara wako wa mwezi mzima kasoro jina.

Posho inayolipwa kila mwezi bila kubadilika inahesabiwa pamoja na mshahara. Nauli ya kweli ni ile unarudishiwa ukitumwa Nzega kupeleka kabati. Nauli gani inalipwa mtu akiwa likizo?

Na ujue kwa nini wanafanya hivi. Mwajiri anachangia Mfuko asilimia 0.5 ya mishahara, yeye peke yake, mfanyakazi hakatwi. Kwa ile 120,000 iliyofichwa ni shilingi 600 kwa mwezi. Mia sita! Chapati mbili na chai. Hakuukimbia Mfuko huyo, alikimbia NSSF, mfuko wa pensheni, kule ni asilimia 20, yaani 24,000 kila mwezi juu ya hiyohiyo bahasha. Mfuko umeingia tu kwa sababu mshahara uliopelekwa kote ni mmoja. Kwa hiyo hata uzeeni ungeikuta hii bahasha, usingojee mpaka hapo.

Fanya hivi. Usigombane na asilimia, Fizio ameshakuonyesha. Andika barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko kuomba mapitio ya kiwango cha mshahara kilichotumika. Siku za kuomba mapitio zinahesabika, usikae nayo kabatini. Asiporidhisha, ngazi inayofuata ni Waziri, halafu Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, ingawa kwa jambo la karatasi kama hili sidhani utafika huko. Ambatisha slipu za benki na ushahidi wa bahasha. Nakala mpelekee afisa kazi wa mkoa, na usiende mikono mitupu, lile daftari jekundu ndilo kesi yako yote. Na la shoti weka kwenye barua hiyohiyo, aya yake peke yake.

Chapchap_Kaliua

Swali la kizushi. Kwa hiyo mtu akipimwa 30 anapewa mara moja, akipimwa 31 analipwa maisha? Si bora mtu ajikaze kidogo kwa daktari apande?

Fizio_Mwanga

Wapo wanaojaribu. Mtu anakuja kidole hakikunjiki kabisa, unamwambia asaini fomu, anashika kalamu vizuri kuliko mimi. Kile chombo kama bikari kinapimwa mara tatu, na kidole kinachodanganya hakikumbuki kilidanganya kiasi gani mara ya kwanza.

Lakini umegusa penye uchungu. Kwa mshahara wa laki tatu, asilimia 30 ni 5,292,000 basi. Asilimia 31 ni 65,100 kila mwezi. Ndani ya miaka saba huyu wa 31 amempita mwenzake, na bado anaendelea kupokea. Hatua moja tu ya kipimo. Mimi nimeshamwona baba mmoja analia kwa sababu amepona.

Mzee_Katubuka
Jumanne, alfajiri

Wanangu, nimewasoma wote. Niko Kigoma, mstaafu wa kazi za kubeba na kushona magunia, na nina vidole vitatu mguu wa kushoto.

Nyinyi mnagombania milioni. Kabla ya Mfuko huu kuanza, sheria tuliyokuwa nayo ilitoka kwa mkoloni, na dari yake ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000. Dari, si wastani. Ukifa, familia ilipata 83,000. Kwa hiyo kwa hesabu zile mtu aliyelemaa alikuwa na thamani kuliko marehemu. Mimi nilipewa elfu arobaini na kitu, nikasaini kwa wino wa bluu, tajiri akanipa na mkono wa pole. Nilinunua jembe, sufuria na nauli ya kwenda kumwona mama Kasulu. Ilipoisha nauli ya kurudi niliazima.

Mfuko umeanza kulipa ajali za kuanzia Julai 2016. Mimi ya kwangu ilitangulia. Hakuna mtu wa kumwandikia barua.

Kijana, wewe unaye. Sheria inakupa miezi 12 toka ajali kupeleka madai, na hayo bosi wako aliyapeleka kwa wakati, kwa hiyo mlango uko wazi. Andika. Na mke wako muulize ana nini, usingoje kabati limwambie.

Seremala_Isevya
Wiki tatu baadaye

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama ilivyo ada. Mzee, shikamoo sana.

Nilianza na mke. Kumbe hakukasirikia kiasi. Alikuwa amesoma mahali palipoandikwa "mshahara: 300,000" akadhani miaka sita nilikuwa namdanganya, kwamba ile laki na ishirini ninapoitoa anajua Mungu. Nilimwonyesha huu uzi wote, akausoma mpaka kwa Mzee, akacheka kwenye ile ya nauli ya kuazima.

Daftari jekundu: sikumwendea bosi. Nilimwendea dada wa hesabu, niliyemtengenezea kitanda cha mtoto bure. Hakunipa daftari. Alilifungua mezani, akasema anakwenda kununua vocha, akatoka. Vocha ile ilichukua robo saa. Nimepiga picha kurasa zote zenye sahihi yangu, na pale penye mwezi wa tatu mwaka jana, wa kwanza baada ya ajali, kuna mstari umeandikwa jina langu halafu pamekatwa kwa rula. Ile bahasha niliikosa toka mwezi huo mpaka niliporudi kazini, na sikuwahi kuuliza.

Barua imekwenda, nakala kwa afisa kazi. Ni kijana mdogo, aliisoma akiwa amesimama, alipofika kwenye likizo ya Sikonge akakaa. Ameniambia mafundi wengine wanne wa karakana hiyo wapo kwenye bahasha za aina hiyo, je, wako tayari? Wawili wamekubali. Wawili wanasema wana watoto shule.

Bosi amepata habari. Aliniita, akasema "wewe nilikubeba kwenye gari langu damu ikimwagika kwenye viti." Ni kweli alinibeba. Sikuwa na jibu, nikamwambia ile laki na nusu risiti aipeleke kwa Mfuko, mimi nitaandika kwamba alinifikisha hospitali, nitasaini. Akanyamaza. Sijafukuzwa mpaka leo, na fremu za milango za shule moja ya Uyui bado ziko mikononi mwangu.

Majibu ya mapitio bado. Namba ya kumbukumbu ninayo, napiga kila Jumatatu.

Kibao cha kusukumia nimechonga kipya, kwa mninga uleule. Mpini wake nimeupinda uende na vidole vitatu na kibutu, nilijaribu mara nne ndipo kikakaa. Nimekitoboa tundu nikakifunga kwa waya kwenye mguu wa mashine, waya mfupi, haufiki mlango wa stoo.